Maana Mbili za Kugundua: Msafara, Muziki Mseto na Swali la Mvuvi wa Nkanka

Utangulizi

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Nkanka, wilayani Rusizi, nikiwa na kompyuta, kinasa sauti cha kuazima na wazo ambalo niliamini halijapata kumjia mtu mwingine. Kwetu, jioni wavuvi wa Ziwa Kivu wanapokwenda kuvua sambaza, hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na hupiga makasia huku wakiimba. Mmoja huanzisha, wengine hupokea. Mimi na marafiki zangu wawili tulirekodi wimbo mmoja tukiwa ufukweni, tukautia gitaa na ngoma za kompyuta, kisha tukausambaza kwa simu ukiwa na majina yetu matatu. Chini ya majina hayo mimi mwenyewe niliandika kwamba sisi ndio wa kwanza kuugundua muziki wa mwalo wetu na kuuchanganya na muziki wa kisasa.

Hazikupita wiki mbili, mzee anayeanzisha wimbo ule akanikuta mwaloni. Alikuwa ameusikia kwenye simu ya mjukuu wake. Alizungumza nami kwa Kiswahili, lugha anayoitumia kuuza samaki kwa wachuuzi wa Bukavu, nadhani kwa kuwa nami nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili. Hakufoka. Aliniuliza tu: "Mwanangu, huo wimbo mliukuta umepotea wapi hata mkaugundua?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta. Ninauliza hivi: tunapomsifu mtu kwa moyo wa utangulizi, awe msafiri aliyefungua njia au mwanamuziki aliyechanganya mapokeo mawili, tunamsifu kwa lipi hasa? Nitasoma kazi mbili zinazofahamika kwa wanafunzi wa Kiswahili, yaani Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi na Wasifu wa Siti Binti Saad cha Shaaban Robert, kisha nitamgeukia mwanamuziki Remmy Ongala. Hoja yangu ni kwamba kutangulia peke yake hakutoshi kuwa sifa. Mtangulizi hupimwa kwa namna anavyowatendea waliokuwapo kabla yake: kama anawataja au anawafuta, na kama wanabaki na chochote akishapita.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha, maana swali la mzee lilikuwa swali la lugha. Katika vitabu tulivyosomea shuleni, kugundua ni kazi ya shujaa. Fulani aligundua ziwa, fulani aligundua mlima. Kwa maana hiyo, kitu kinaanza kuwapo, au angalau kinaanza kuwa na thamani, siku mgunduzi alipokiona. Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku neno hilo hilo hufanya kazi nyingine. Mtu husema, "Nimegundua mlango uko wazi," au "Amegundua kuwa nilimdanganya." Hapa mlango ulikuwa wazi tangu awali na uongo ulikuwa umeshasemwa. Kilichobadilika ni ufahamu wa msemaji. Wala mtu huyo hajisifu. Mara nyingi anakiri kwamba amechelewa kujua.

Tukizisoma sentensi za vitabu vya historia kwa maana hii ya pili, hazigeuki kuwa uongo. Zinakuwa za kweli zaidi. Mfano wa karibu nasi ni Mjerumani Richard Kandt, daktari aliyekuwa pia mtunzi wa mashairi. Mwaka 1898 aliingia msitu wa Nyungwe akifuata maji ya Naili, akautaja mto Rukarara kuwa ndio chanzo. Baadaye akajenga makazi yake Shangi, kaskazini ya kwetu kwenye mwambao huo huo wa Kivu. Kitabu chake, Caput Nili, kilitoka mwaka 1904. Katika sifa zote anazopewa, neno moja hutoa ushahidi bila kuulizwa: Rukarara. Hilo ni jina la Kinyarwanda. Halikutoka Ujerumani. Lilimfikia Kandt likiwa tayari kinywani mwa mtu, na mtu huyo alikuwa amelipokea kwa wazazi wake. Kila anayesema kwamba Kandt aliugundua Rukarara anawataja waliomtangulia, ila hajui kwamba anawataja.

Je, basi Kandt hakufanya lolote? Sisemi hivyo. Wenyeji wa Nyungwe waliujua mto wao, lakini swali la chanzo cha Naili, lililokuwa likiwasumbua watu wa mbali kwa karne nyingi, halikuwa swali lao. Kandt alikuja na swali, akakuta maarifa, akaviunganisha viwili hivyo. Kazi yake halisi ilikuwa kuunganisha, na ni kazi yenye thamani. Kosa linaanza pale aliyeunganisha anapohesabiwa kuwa ndiye aliyeumba.

Nadhani hapa ndipo msafiri na mwanamuziki wanapokutana. Anayetunga muziki mseto naye huunganisha. Hazui udi wala ngoma, gitaa wala wimbo wa makasia. Anavikuta vikiishi mbalimbali, naye anavikutanisha. Tena neno letu mseto linatufundisha jambo ambalo neno mchanganyiko halilisemi. Mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Ukikipakua, choroko bado zinaonekana. Mlaji hahitaji kuambiwa chungu kilitiwa nini.

Msafara wa Tippu Tip

Maisha ya Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ni kati ya tawasifu za mwanzo kabisa katika nathari ya Kiswahili. Ilichapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na vizazi vya baadaye vimeisoma zaidi katika toleo la W. H. Whiteley. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa kutoka Zanzibar. Njia zake zilivuka Ziwa Tanganyika hadi Maniema, kwenye mto Lualaba, na alifariki Zanzibar mwaka 1905.

Kama tunatafuta moyo wa utangulizi, hapa umejaa. Msimulizi anakwenda mahali ambapo wenziwe wa pwani hawajafika, na anasimulia kwa sentensi fupi kavu: tukasafiri siku kadhaa, tukafika kwa fulani, tukapata pembe kiasi kadhaa. Mhakiki anaweza kuusifu mtindo huu, maana hauna mapambo wala kujililia. Hata jina lake la utani analieleza kwa ufupi huo huo, kwamba ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliopigwa.

Lakini tuangalie nani ana jina katika kitabu hiki. Wafanyabiashara wenziwe wana majina. Machifu wana majina, na pengine hata ukoo wao unatajwa. Wapagazi ni idadi. Wanatokea wanapohitajika kubeba na wanapotoroka. Katika kisa kimoja, wapagazi aliowaajiri walimtoroka, naye akarudi vijijini mwao na bunduki, akakamata watu, akawafunga na kuwarudisha kwenye mizigo. Kwa tendo hilo alipewa jina la Kingugwa, na analisimulia jina hilo kama mtu anayeonyesha nishani. Msomaji wa leo anakwama hapo. Njia iliyofunguliwa namna hiyo ilifunguliwa kwa miguu ya watu ambao kitabu hakiwajui.

Kisa kinachonifaa zaidi katika makala haya ni kile cha Utetera. Tippu Tip alipata habari kwamba katika ukoo wa Kasongo Rushie, chifu wa huko, zamani walitekwa wanawake wakapelekwa mbali. Akaichukua habari hiyo na kujifanya mjukuu wa mmoja wa waliotekwa. Alipokelewa kama damu iliyorudi nyumbani, na chifu akamwachia utawala. Kwa ujanja kisa hiki hakina mfano, na anakisimulia bila kujificha. Msomaji anaweza hata kucheka. Mimi nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Niliposoma mara ya pili, baada ya swali la mzee, sikucheka. Kwa maana Tippu Tip hakuiba kitu cha kushika mkononi. Aliichukua simulizi ya watu, akajitia ndani yake, akaigeuza kuwa hati yake ya umiliki. Nami nilikuwa nimeandika "muziki wa mwalo wetu". Neno "wetu" lilikuwa la kweli, kwa kuwa nimezaliwa hapo. Lakini nililitumia kama yeye alivyomtumia yule bibi.

Tippu Tip mwenyewe naye alikuja kuonja upande wa pili. Mwaka 1876 alikubaliana na Henry Morton Stanley kumsindikiza kuufuata mto Lualaba kwa malipo. Alikwenda naye sehemu ya njia, kisha akarudi. Stanley akaendelea hadi bahari ya Atlantiki na kupata sifa ya ugunduzi duniani kote. Bila watu na bunduki za Tippu Tip, kutoka Nyangwe kungekuwa kugumu mno. Mtu aliyewafanya wapagazi wake kuwa idadi, naye akawa tanbihi katika sifa za mwingine. Simhurumii sana, lakini mfano huu unaonyesha kwamba kufutwa ni tabia ya namna tunavyosimulia utangulizi, na kila mwenye nguvu zaidi humfanyia aliye chini yake.

Siti binti Saad

Sasa tuhame bara, turudi Unguja, ambako utangulizi wa aina nyingine ulitokea katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Siti binti Saad alizaliwa Fumba na kupewa jina la Mtumwa, kutokana na hali ya wazazi wake. Alikuwa mwuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza muziki, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, aliandika juu ya mtu aliyekwishapita njia ndefu kuliko ile ya kutoka Fumba hadi mjini.

Taarabu aliyoikuta Siti ilikuwa na asili ya Misri. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash ndiye aliyeileta katika jumba lake, na baadaye ikalelewa na vyama vya mjini kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wengi waliokuwa nje ya ukuta wa jumba hawakuielewa. Siti na bendi yake waliimba kwa Kiswahili, wakatia ndani mapigo na mambo ya Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida. Nyimbo zilizokuwa za kumburudisha mtawala zikaanza kubeba habari za mtaani. Wimbo unaojulikana kama Kijiti, kwa mfano, unahusu mwanamke aliyeuawa na mwuaji kuukwepa mkono wa sheria. Udi na fidla ni vile vile, lakini mtu wa Ng'ambo sasa anasikia kesi yake mwenyewe ikisemwa.

Nina pongezi na lawama kwa kitabu cha Shaaban Robert. Pongezi ni kwamba alimpa mwanamke wa asili ya chini heshima ya wasifu, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa utangulizi kwa haki yake. Lawama ni kwamba anatumia nafasi kubwa kutetea utu na tabia ya Siti kuliko kueleza muziki wake uliundwaje. Msomaji anafunga kitabu akijua kwamba Siti alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya ajabu. Anajua kidogo zaidi ya hapo kuhusu kazi ya Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo, Subeti bin Ambari na Mbaruku, watu waliopiga na kuimba pamoja naye. Shaaban Robert alitaka mfano wa kuigwa, na mfano wa kuigwa husimama peke yake. Muziki wa mseto hausimami hivyo. Unahitaji watu wanaosikilizana chumba kimoja.

Hata hivyo, nikimweka Siti kando ya Tippu Tip, tofauti ni wazi. Wote wawili walichukua kitu kisichokuwa chao. Tippu Tip alichukua kwa waliokuwa wanyonge kwake, akapeleka pwani. Siti alichukua kwa waliokuwa juu yake, akapeleka Ng'ambo. Methali yetu inasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii ni kipimo kizuri cha utangulizi kuliko tarehe ya kufika. Alipofika Siti katika taarabu, mwenyeji alipona: lugha yake iliingia katika muziki, na kesi zake zikapata sauti. Alipofika Tippu Tip Utetera, mwenyeji aliupoteza utawala.

Kutoka Kindu hadi Sinza

Njia ya msafara kati ya Maniema na pwani haikufa na biashara ya pembe. Karne moja baada ya safari ya Tippu Tip na Stanley, mtu mwingine alisafiri kuelekea upande wa pili. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mji ulio kando ya Lualaba huko huko Maniema, mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam, akapiga na Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Mizigo iliyokuwa ikienda pwani kwa njia ile ilikuwa pembe na watu. Yeye alikwenda na gitaa.

Alichokuja nacho ni rumba ya Kongo. Angeweza kuipiga kama alivyoikuta, maana Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuipenda. Alichofanya ni kujifunza masikio ya waliompokea. Tanzania ilikuwa na bendi za dansi ambazo wasikilizaji wake walifuatilia maneno kama wanavyofuatilia hadithi, nao walitaka wimbo uwaambie jambo. Remmy aliimba kwa Kiswahili chepesi juu ya umaskini, kifo na dharau za wenye nacho. Muziki wake aliuita wa ubongo, kwa kuwa ulitaka mtu afikiri anapocheza. Wimbo wake Mambo kwa Soksi, juu ya kinga dhidi ya ukimwi, haukupigwa katika redio ya taifa, lakini ulijulikana. Mwaka 1989 albamu yake Songs for the Poor Man ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, na huko nje watu walimpokea kama sauti ya Tanzania, ingawa alizaliwa Kongo.

Hapa kipimo cha methali kinafanya kazi tena. Mgeni alikuja, na mwenyeji alipona kwa kuwa shida zake zilipata wimbo. Ushahidi ni mdogo lakini unanigusa: sehemu moja ya Sinza, Dar es Salaam, watu huiita Kwa Remmy. Si jina la barabara lililowekwa na serikali kwa heshima ya mgunduzi. Ni jina la mtaani, la abiria anayemwambia kondakta amshushe. Kandt aliukuta mto una jina. Remmy alikuja kwa wenyeji, nao wakampa mahali jina lake.

Kabla sijaondoka kwenye gitaa, nimtaje Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha huko. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi nyingi na mashine zake za kurekodi na ambaye mwaka huo huo alirekodi hapa Rwanda pia, alimrekodi Bosco huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Wapo wanaosema Tracey alimgundua Bosco. Swali la mzee linafaa hapa tena: alimkuta amepotea wapi? Bosco alikuwa akipiga, na watu wa mji wake walikuwa wakimsikiliza. Lakini Tracey nampa haki moja. Sahani ilitoka na jina la Bosco, na wapiga gitaa wa mbali waliojaribu kuiga vidole vyake walijua wanamwiga nani. Faili letu la Nkanka, lililotengenezwa na vijana wa pale pale, halikufikia hata hapo.

Pingamizi

Wenzangu niliowasomea rasimu ya makala haya walinipinga kwa mambo mawili, na yote yana uzito.

La kwanza ni kwamba wimbo wa makasia hauna mtunzi. Mzee yule naye aliupokea. Kama ni wa wote, mbona mimi nizuiwe? Jibu langu ni kwamba wimbo wa wote si wimbo usio na wenyewe. Kisima cha kijiji ni cha wote, lakini mpita njia hakizungushii ukuta akaandika jina lake juu yake. Kama mtunzi wa kwanza hajulikani, wanaouweka hai wimbo leo wanajulikana, na nilikuwa nimesimama mita chache kutoka kwao nilipokuwa nikiwarekodi. Sikuwauliza majina kwa sababu nilidhani nilikuwa narekodi ziwa.

La pili ni zito zaidi: kwamba nageuza uhakiki kuwa daftari la madeni, na kusahau kwamba muziki husikilizwa. Wimbo mbaya uliotaja kila mtu bado ni wimbo mbaya. Nakubali. Ila katika kisa chetu, kosa la heshima na kosa la muziki lilikuwa moja. Katika mtumbwi, anayeanzisha hurefusha neno upepo ukiwa mkali na kulifupisha maji yakitulia. Wapokeaji huingia pale kasia linapogusa maji. Pumzi ya wimbo ni pumzi ya kazi. Kompyuta yetu ilitaka mapigo yaliyo sawa, kwa hiyo tuliikata sauti ya mzee na kuivuta hadi ikalingana. Tulijivunia jinsi ilivyokaa vizuri. Nilipomwomba mzee aniambie anaonaje muziki wenyewe, achilia mbali majina, alisikiliza tena hadi mwisho, akasema, "Mkiimba hivi, makasia yatagongana."

Sijapata kusoma uhakiki wa muziki mseto ulio mfupi na sahihi kuliko huo. Tungewajua waimbaji, tungejua kwa nini wimbo umejengwa ulivyo, na tungejua kwamba gitaa ndilo lililopaswa kumfuata kiongozi, si kiongozi kulifuata gitaa. Kutomtaja mtu kulitokana na kutomsikiliza, na kutomsikiliza kukaharibu muziki. Siti asingeweza kuigeuza taarabu kama asingeijua kwanza kama wanavyoijua wenyewe. Remmy alikaa miaka katika bendi za Dar es Salaam kabla sauti yake haijawa sauti ya mji. Kuthubutu walikuwa nako. Lakini kuthubutu ndilo jambo jepesi zaidi katika utangulizi, na mimi nilidhani ndilo lote.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba msafiri na mwanamuziki wa mseto wanafanya kazi ya aina moja, yaani kuunganisha vilivyokuwapo, na kwamba sifa ya "wa kwanza" huificha kazi hiyo badala ya kuieleza. Maisha ya Tippu Tip yanatuonyesha utangulizi unaokula wenyeji wake, na yanatuonyesha kwa uwazi ambao mwandishi mwenyewe hakuukusudia. Siti na Remmy wanaonyesha utangulizi unaomwacha mwenyeji na kitu cha kushika. Shaaban Robert, ingawa namheshimu, anatukumbusha kwamba hata sifa njema inaweza kuwafuta watu ikimsimamisha shujaa peke yake.

Kwa wanafunzi wenzangu, hasa sisi wa Rwanda ambao Kiswahili kimekuwa lugha yetu rasmi tangu mwaka 2017, jambo hili si la nadharia tu. Tutaombwa kuandika juu ya muziki, safari na mila kwa lugha ambayo wengi katika eneo hili wataisoma. Tukiandika kugundua, tuliandike kwa maana ya pili, ile ya mtu anayekiri kwamba amechelewa kujua.

Lile faili tuliliondoa, ingawa kilichokwisha kupita kwenye simu za watu hakirudi chote. Tuliomba kurekodi upya, safari hii ndani ya mtumbwi na majina yote yakiandikwa. Mzee hakukataa. Alitoa sharti moja, kwamba mpiga gitaa apige makasia kwanza, hadi ajue neno linarefushwa wapi. Rafiki yetu ameanza. Viganja vyake vimechubuka na hawezi kubonyeza nyuzi kwa sasa, kwa hiyo rekodi ya pili bado haijakamilika.